Kisanduku cha Muziki Si Wizi

Leo sina utani mwingi, kwa hivyo tuingie moja kwa moja.

Kuna kundi la wachezaji gemu ambalo limejipa kazi ya uaskari. Ukitangaza kwamba umempiga Father Gascoigne wa Bloodborne, hawakupongezi. Wanakuhoji kama umesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. "Ulitumia nini?" Ukisema ulitumia kisanduku cha muziki, hukushinda. Ukisema ulimrushia chupa za moto, hukushinda. Na ukikubali kwamba uligonga kengele ukaita msaidizi, hapo ndo umejimaliza kabisa, utaambiwa urudi ucheze Candy Crush na shangazi yako. Kwao ushindi halali ni wa aina moja tu: wewe, silaha yako, na kuruka huku na huku mpaka bosi aanguke. Mimi nawaita watu wa Mikono Mitupu.

Na ninasema hivi: watu wa Mikono Mitupu hawaielewi gemu wanayojifanya kuilinda. Wanaisifu kutwa kucha lakini hawaisomi. Na ushauri wao unawala vijana pesa, halafu unawafukuza kwenye mojawapo ya gemu bora zilizowahi kutengenezwa.

Kwa wale hawajaigusa, nieleze haraka. Bloodborne ilitoka Machi 2015 kwa PS4. Waliotengeneza ni FromSoftware wa Japani, mkurugenzi akiwa Hidetaka Miyazaki. Unaingia mji unaoitwa Yharnam: makanisa marefu ya mawe, minara iliyochongoka, majeneza yamefungwa minyororo barabarani, na ugonjwa unaowageuza watu kuwa wanyama. Wenyeji wenye akili timamu wamejifungia ndani. Wewe ni mwindaji, na usiku ni wa kuwinda. Miaka imepita lakini PS4 za mitumba bado ziko mitaani, na kila mara kuna kijana mpya anaingia Yharnam kwa mara ya kwanza. Huyo kijana ndiye ninayemtetea hapa.

Tuanze na Gascoigne mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye kizuizi ambacho wengi hufia na kuacha gemu. Unamkuta makaburini, shoka mkononi, bunduki mkono wa pili. Ni mwindaji kama wewe, ana mbio kama zako. Ukimpunguza damu anashika shoka kwa mikono miwili na linakuwa refu. Ukimpunguza zaidi anageuka mnyama kabisa, na hapo ndo wasee hulia.

Lakini kabla hujafika makaburini kuna dirisha. Ndani kuna mtoto wa kike, humwoni, unamsikia tu sauti. Anakuambia mama yake ametoka kumtafuta baba na hajarudi. Anakuomba umtafute mama, utamjua kwa bruchi yenye kito chekundu. Halafu anakupa kisanduku kidogo cha muziki. Anaeleza kwamba baba akianza kuwasahau, huwa wanampigia huo wimbo ili awakumbuke. Mama alitoka akakiacha nyumbani.

Umeshaelewa baba ni nani.

Ukikipiga kisanduku kile katikati ya vita, Gascoigne anashika kichwa kwa uchungu, anasimama, na wewe unapata nafasi ya kumpiga. Ukikipiga mara nyingi mno anageuka mnyama mapema, kwa hivyo hata hiyo zawadi ina kipimo chake. Na mama? Mwili wake uko juu ya paa, palepale mlipopigania.

Sasa niambie, msee wa Mikono Mitupu. Mtengenezaji amekaa chini, ameandika familia nzima, ameficha uchungu wa baba ndani ya wimbo mmoja, ameukabidhi kwako kupitia mkono wa mtoto. Wewe unakuja kusema anayeutumia ni mwizi? Aliyeukataa kwa kiburi ndiye aliyekosa kitu. Alipigana na mtu mwenye shoka. Mwenzake alipigana na baba ya mtu.

Na Gascoigne si peke yake. Pitia mabosi wa Yharnam utaona mtindo ni uleule: karibu kila mmoja ni swali, na jibu limeachwa mahali fulani kwenye dunia yake.

Chukua Blood-starved Beast, yule mnyama anayekaa Old Yharnam, ngozi imechunwa inaning'inia mgongoni. Ana sumu inayokujaa polepole mpaka uishiwe nguvu. Old Yharnam yenyewe ni mtaa uliochomwa moto kwa sababu ya ugonjwa wa wanyama. Historia imekwisha kukuambia nini kinamwumiza. Karatasi ya moto ukiipaka kwenye silaha inamkata vizuri sana. Beba dawa ya sumu. Na jina lake linasema ana njaa ya damu, sivyo? Basi kuna chupa inaitwa Pungent Blood Cocktail. Irushe kando, atakimbilia harufu, akupe mgongo. Hakuna ujanja wa nje hapo. Umesoma jina la bosi ukalichukulia kwa uzito, basi.

Chukua Vicar Amelia pale kanisani, Grand Cathedral. Anashika kidani chake kama anasali, na damu inarudi. Kijana amepigana dakika tano, anaona kazi yote ikifutwa kwa sala moja, anatupa padi kitandani. Lakini kuna kitu kinaitwa Numbing Mist. Maelezo yake yanakuambia wazi kwamba kinazuia kupona. Mrushie, sala haimsaidii. Aliyesoma maelezo ya vitu vyake anamaliza kwa utulivu, asiyesoma anapiga kelele ati gemu ni mbaya.

Chukua Rom, buibui wa ziwani. Ukimkimbilia yeye peke yake unakufa, kwa sababu buibui wadogo wamemzunguka na vichwa vyao ni vigumu kama jiwe. Wapige ubavuni, wapunguze kwanza, ndo umwendee mama yao. Chukua Martyr Logarius juu ya paa la kasri la Cainhurst. Kuna wakati anachomeka upanga chini na mapanga yanaanza kukunyeshea kutoka angani. Wengi hukimbia wakizunguka paa kama kuku. Jibu liko mbele ya macho: nenda ukaupige ule upanga uliochomekwa. Ukivunjika, mvua inakata.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bloodborne ndiyo gemu ya kuinama. Unainama dirishani, unainama kwenye maiti, unainama kusoma maandishi madogo. Watu wa Mikono Mitupu wanataka tutembee tukiwa tumenyooka shingo, halafu tukigonga kichwa waseme huo ndo uanaume.

Nitakupa ushahidi mmoja ambao sijawahi kusikia wakiujibu. Mwanzo wa gemu huwezi kuongeza nguvu za mhusika wako. Yule mwanasesere wa pale Hunter's Dream amelala tu, hasemi. Anaamka ukishapata Insight, yaani ule ufahamu wa mambo yaliyofichika. Na wachezaji wengi hupata Insight ya kwanza vipi? Kwa kumwona bosi wa kwanza. Kumwona tu! Unaingia darajani, Cleric Beast anaruka mbele yako akipiga ukelele, anakuponda kwa sekunde kumi, unakufa. Ukirudi, mwanasesere ameamka na safari ya kupanda imeanza. Gemu imekulipa kwa kukutana na jambo gumu, hata kabla hujalishinda.

Na ile kengele ya kuita msaidizi, unailipia na nini? Insight moja. Elimu uliyoipata kwa kukutana na mambo magumu ndiyo hela ya kuombea msaada. Mtu akitaka kusema hiyo ni aibu, basi amwambie Miyazaki, asinisumbue mimi.

Sasa tuje kwa pesa, kwa sababu hapa ndo hasira yangu inatoka.

Kwenye Bloodborne, chupa za damu za kukuponya hazijijazi zenyewe bure kila ukifa. Unabeba hadi 20, nyingine unaweka akiba, na akiba ikiisha imeisha. Ukifa mara kumi na tano mfululizo kwa bosi mmoja, unabaki mkavu. Inabidi uende kuua watu wa mitaani Yharnam, duru baada ya duru, ukikusanya chupa na kununua zingine. Hiyo ni kasoro ya gemu, naisema waziwazi ingawa naipenda. Inamwadhibu zaidi yule anayehitaji mazoezi zaidi.

Watu wa Mikono Mitupu hawaoni shida hapo. Ushauri wao ni mmoja: rudi, kufa tena, utajua. Na wale wa pili, wenye klipu za sekunde arobaini, wanasema nenda ukakusanye nguvu masaa kumi kwanza halafu mrudie bosi. Ukiangalia vizuri hawa ni ndugu. Mmoja anakuambia upoteze wakati ukifa, mwingine anakuambia upoteze wakati ukifagia barabara. Hakuna anayekuambia ufikiri.

Wakati huo nani analipa? Anayeishi nyumba yenye PS yake, stima ya uhakika na wikendi nzima ya kucheza, huyo anaweza kufa mara mia na akaiita hadithi nzuri. Lakini kuna kijana anacheza kwenye kibanda cha PS, analipa kwa saa, nyuma yake kuna foleni ya wasee wanangoja FIFA na wanamwangalia vibaya. Kuna anayecheza sebuleni, TV ikiwa huru tu kabla taarifa ya habari haijaanza. Na kumbuka Bloodborne haina pozi. Mama akiita "wee, njoo uchukue maji", bosi hasimami kukungoja. Stima ikipotea katikati, imepotea na vita yako. Kumwambia kijana huyu kwamba kutumia kisanduku cha muziki ni aibu ni kumtoza kodi ya kiburi cha mtu mwingine. Fanya hesabu mwenyewe ya bei ya saa pale mtaani kwako, zidisha kwa siku tatu za kufia kwa Gascoigne, uone ni mikate mingapi.

Na wengi hawafiki siku ya tatu. Wanaacha. Wanaondoka wakiamini hawana kipaji, kumbe walinyimwa taarifa. Dada zetu ndo hupata zaidi, kwa sababu msichana akiweka picha ya ushindi wake anahojiwa mara mbili ya mvulana. Halafu watu haohao wanalalamika ati mbona huku kwetu hakuna watu wengi wa kuongea nao kuhusu gemu za hadithi, mbona kila mtu ni mpira tu. Si mmewafukuza!

Haya, niwe mkweli kwa upande wao pia. Wana hoja moja nzuri. Wanasema ukizoea kutegemea vitu, mikono haijifunzi, na mbele huko kuna mabosi ambao hakuna kisanduku kitakachokuokoa. Ni kweli. Orphan of Kos, kwenye nyongeza ya The Old Hunters iliyotoka Novemba 2015, hana wimbo wa kumliza. Anakurukia akipiga kelele, na usipojua kusoma mwendo wake umekwisha. Pale mikono inahitajika.

Lakini mikono inajifunza vipi? Inajifunza ikiwa hai. Ukifa sekunde ya nane kila mara, unachojifunza ni sekunde nane za kwanza. Kisanduku kinakupa nusu dakika zaidi ya kumwangalia Gascoigne, kujua lini shoka linapanda, lini anafyatua bunduki, lini yuko wazi. Chupa ya moto inakufikisha kwenye sura yake ya mnyama, ambayo wenzako wa mikono mitupu hawajaiona hata mara mbili. Kitu ulichookota ni kama magurudumu madogo ya baiskeli ya mtoto: yanamfundisha usawa akiwa bado anaenda mbele. Siku itafika utayatoa mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Wala sisemi kila njia ni sawa. Bosi akikwama ukutani kwa hitilafu ya programu na ukampiga akiwa hawezi kusonga, hiyo ni hitilafu. Utapita, lakini hukujibu swali lolote. Mpaka wangu ni huu: kama watengenezaji walikiweka, wakakipa jina, wakakiandikia maelezo, basi ni chako kwa haki. Kama ni ufa kwenye ukuta ambao hawakuuona, hilo ni jambo jingine.

Sasa buda, wewe uliyekwama, sikiliza. Nisikuache na makelele tu.

Kwanza, kabla ya kuingia kwa bosi tumia Blood Echoes zako zote. Ukifa unaziacha palepale, na tamaa ya kuzirudia ndiyo inayofanya watu wakimbie vibaya.

Pili, mara ya kwanza usiende kuua. Nenda kuangalia. Usinywe chupa hata moja. Hesabu tu mapigo yake: anapiga mara ngapi kabla ya kupumzika? Hapo kwenye mapumziko ndo nyumbani kwako.

Tatu, rudi nyuma ukatafute. Gonga kila dirisha lenye taa. Okota kila kinachong'aa. Fungua begi usome maelezo ya kila kitu, pole pole, kama unasoma barua. Kama bosi ana manyoya na makucha, fikiria moto kwanza: karatasi ya moto, Molotov, na ukiwa na chungu cha mafuta mmwagie kwanza ndo umwashe, moto utamwuma zaidi.

Nne, acha kurudi nyuma. Bloodborne haikupi ngao ya maana kwa makusudi. Mapigo marefu yanakukuta ukirudi nyuma. Ruka pembeni, au ruka kuelekea kwake, upite chini ya mkono. Na ukipigwa usikimbilie chupa mara moja, kwa sababu ukimrudishia haraka unapata sehemu ya damu yako. Chupa ni za wakati huna njia.

Tano, bunduki si ya kuua, ni ya kumkatiza. Fyatua anapoleta pigo, si kabla, si baada. Akipiga goti, msogelee ubonyeze R1. Jifunzie kwa watu wa kawaida wa Yharnam kwanza, halafu kwa Gascoigne. Ukilijua hili, Logarius atakuogopa.

Sita, ukikwama, gonga kengele. Msaidizi akimvuta bosi upande ule, wewe unapata nafasi ya kuona mwendo wake kutoka nyuma. Hilo nalo ni darasa.

Ukimaliza, umeshinda. Hakuna cheti kinachotolewa na watu wa Mikono Mitupu ambacho unahitaji kubandika ukutani. Na nyinyi wa Mikono Mitupu, sina ugomvi na jinsi mnavyocheza. Mkitaka kumpiga Gascoigne mkiwa uchi na rungu, nitakaa niwaangalie na nitapiga makofi, ni kipaji. Ila mkishaweka rungu chini, msisimame mlangoni kuwapekua wengine mifuko. Kijana akikuuliza amfanyaje Gascoigne, mwambie kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mtoto. Aende aongee naye kwanza.